Farasi mmoja, umri miwili

Mkuu, unauliza mbona farasi mmoja kaandikwa umri tofauti: hao jamaa wa kibanda cha kubeti pale Kariakoo hawajakosea. Farasi huyohuyo anaweza kuandikwa miaka 3 Uingereza na miaka 4 Australia.

Farasi wa mbio hahesabiwi kwa siku aliyozaliwa. Kizio cha kaskazini wote wanaongeza mwaka Januari 1, Australia ni Agosti 1. Sababu ni majira tu: watoto wa farasi huzaliwa kuanzia mwisho wa baridi hadi majani yanapochipua, na huko kusini kipindi hicho kinaangukia Agosti kuendelea.

Chukua mzaliwa wa Ulaya, Machi 2015. Novemba 2018 kwao ana miaka 3. Akishuka Melbourne, Australia, anapangwa na wa miaka 4, ambao wengi walizaliwa karibu Septemba 2014. Amezidiwa miezi sita hivi, na kwa farasi mchanga hiyo ni misuli mingi. Ndiyo maana anapunguziwa uzito wa kubeba, yaani mpanda farasi na tandiko lake. Farasi Cross Counter alishinda Melbourne Cup 2018, mbio kubwa za Australia, akiwa na kilo 51, na kwa hesabu ya kaskazini alikuwa wa miaka 3. Binafsi naona punguzo lile lilikuwa tamu mno.

Kuhusu wafugaji, mimba ni miezi 11 hivi, na wa kaskazini wanataka mtoto azaliwe mapema baada ya Januari 1, kwa hiyo wanawasha taa bandani wakati wa baridi ili mwanga uwafanye majike wawe tayari kupandwa mapema. Anayezaliwa Desemba 28 amekwisha: siku nne baadaye anaitwa wa mwaka mmoja!