Fataki za Risasi: Maswali Yenu

*Kaka yangu yuko Texas na hujijazia mwenyewe risasi za bastola ya milimita 9. Fataki ndogo za bastola, vile vidude kwenye kitako cha ganda vinavyowasha baruti, zimeadimika madukani, lakini za bunduki zipo tele. Azitumie? – Msomaji, South B*

Zitaingia bila shida, na hapo ndipo mtego ulipo. Zote zina kipenyo cha takriban milimita 4.45. Tofauti iko kwenye kikombe, yaani kigamba cha chuma cha fataki kinachogongwa: cha fataki ya bunduki kwa kawaida ni kinene na kigumu zaidi, kwa kuwa bunduki hufanya kazi kwa shinikizo kubwa. Bastola yenye springi laini inaweza kukigonga ikaacha kidoti tu, risasi isilie. Tena mwako wake unaweza kuwa mkali zaidi, hivyo kile kipimo cha baruti alichokizoea si chake tena. Atafute kipimo kilichochapishwa kwa fataki hiyohiyo, asipokipata, asubiri.

Kinyume chake ndicho kinachonitisha. Fataki ya bastola ikiwekwa kwenye risasi ya bunduki inaweza kutoboka, gesi ya moto ikarudi nyuma kumwelekea mpigaji usoni. Tafadhali mwambie hilo asilijaribu kamwe.

*Na fataki kubwa za bunduki, kwenye bastola zinazotumia fataki kubwa, je? – Huyohuyo*

Hizo hapana kabisa. Kubwa ya bunduki inaizidi ya bastola urefu kwa karibu robo milimita, basi huchomoza kwenye kitako cha ganda. Rivolva itakwama silinda. Kwenye bastola ya kujijaza, slaidi (sehemu ya juu inayokwenda nyuma na mbele) ikijifunga kwa kishindo inaweza kuilipua kabla kidole hakijagusa kifyatulio. Apitishe ukucha kwenye kitako cha kila risasi: fataki iwe sawa na ganda au imezama kidogo tu.

*Ameniambia pia kuhusu fataki za magnum. – Msomaji, Buruburu*

Zina mwako wenye nguvu zaidi. Akibadilisha, apunguze baruti na kuanza upya kutoka kipimo cha chini kabisa kitabuni. Hata kubadilisha kampuni tu kunataka hivyo.

*Nina leseni ya bastola. Binamu yangu akija Desemba, aniletee pakiti ya fataki kwenye sanduku lake nijaribu nyumbani? – Msomaji, Lang'ata*

Usimtie matatani ndugu yako. Fataki na baruti haziruhusiwi kwenye mizigo ya abiria, iwe ya mkononi au ya chini ya ndege. Na cheti cha kumiliki bastola si ruhusa ya kutengeneza risasi. Nunua za kiwandani kwa muuzaji aliyesajiliwa.

*Nikifyatua na risasi isilie? – Msomaji, Kasarani*

Mdomo wa bastola ubaki umeelekea shabaha, uhesabu sekunde 30 kabla ya kufungua, maana fataki inaweza kuchelewa kuwaka. Kisha itoe, umkabidhi msimamizi wa uwanja. Usiichokonoe.