Nimealikwa kula baa ya kando ya mfereji, je niende?

SUALI: Assalaamu alaykum warahmatullah, sheikh wangu. Mimi ni kijana wa Kipemba, nafanya kazi ofisini mjini Birmingham, Uingereza. Kila kiangazi wafanyakazi wenzangu huchagua jioni moja wakaenda kula kwenye baa iliyo kando ya mfereji. Meza zimepangwa nje, mashua zinapita, watu wanakuja na watoto wao, wengine na mbwa wao. Mimi sinywi, na wenzangu wanalijua hilo. Huagiza samaki na chipsi na soda. Lakini wana desturi ya kutoa raundi, yaani kila mmoja kwa zamu yake huwanunulia wote vinywaji, na zamu yangu ikifika naona haya kukataa. Mkubwa wetu wa kazi analipenda sana jambo hili la kutoka pamoja, na asiyekuja huonekana ana kiburi. Je, ninapata dhambi kwa kwenda? Na yule samaki hukumu yake nini? Na mbwa wale je?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh, mwanangu. Allah akuhifadhi huko ugenini. Umeuliza mambo mengi kwa pamoja, na hayana uzito mmoja.

Kukaa kando ya maji jioni ya kiangazi hakuna ubaya. Kula na asiyekuwa Mwislamu pia hakuna ubaya; Mtume (s.a.w.) aliitika mwaliko wa Myahudi akala mkate wake wa shayiri. Na wema kwa watu wasiokupiga vita wala kukutoa majumbani mwenu umetajwa wazi katika Suratul Mumtahina, aya ya 8. Kwa hiyo asikutishe mtu kwamba kuwachekea wenzako wa kazi ni kupunguza dini.

Tatizo ni meza. Imepokewa kwa Jabir (r.a.), katika Tirmidhi na kwengineko, kwamba Mtume (s.a.w.) amesema anayemwamini Allah na Siku ya Mwisho asiketi kwenye meza inayozungushwa pombe. Hadithi hii ina njia zaidi ya moja, zinatiliana nguvu, na wanavyuoni wameitumia kizazi baada ya kizazi. Tazama kilichokatazwa: ni kuketi. Hakusema asinywe tu, maana kunywa kumeshaharamishwa na Qur'ani katika Suratul Maida, aya ya 90.

Utaniambia: "Lakini mimi sinywi, nakula chipsi zangu." Hoja hii ni ya zamani. Khalifa Umar bin Abdul-Aziz aliletewa watu waliokamatwa wakinywa, akaambiwa kuwa mmoja wao alikuwa amefunga. Akaamuru adhabu ianze kwa huyo huyo, akasoma aya ya 140 ya Suratun Nisaa, ile inayokataza kukaa na wanaozifanyia mzaha aya za Allah, na kwamba ukikaa nao utakuwa mfano wao. Aya imeshuka juu ya mzaha, yeye akaona maana yake inaufikia pia mkao wa ulevi. Kwa hiyo jawabu langu ni kwamba usikae kwenye meza hiyo. Wapo wanavyuoni wa zama hizi wanaowalegezea Waislamu wa nchi za Magharibi wenye haja ya kikazi, na simtukani anayewafuata. Lakini hiyo ni kwa mwenye haja, si kwa mwenye haya. Wewe umeniambia unaona haya.

Sasa nije kwenye raundi, kwa sababu hapo ndipo ninapokuogopea zaidi kuliko pengine pote. Kukaa kuna mjadala kidogo, kununua hakuna. Katika hadithi ya Anas (r.a.), waliyoipokea Tirmidhi na Ibn Majah, Mtume (s.a.w.) amewalaani watu kumi kwa ajili ya pombe: anayeikamua, anayekamuliwa, anayeinywa, anayeibeba, anayebebewa, anayeitilia, anayeiuza, anayekula thamani yake, anayeinunua na anayenunuliwa. Mnywaji ni mmoja tu kati ya kumi! Wewe ukisimama kaunta ukatoa kadi yako ukalipia bia tano na glasi mbili za mvinyo, kisha ukaja nazo kwenye sinia hadi mezani, umekuwa mnunuzi na mbebaji kwa wakati mmoja, na midomo yako mikavu haitakusaidia. Mzungu wa kawaida hajui haya, wala hawezi kuyajua kama hukumwambia. Mwambie kabla ya siku yenyewe: "Dini yangu hainiruhusu kumnunulia mtu pombe, kwa hiyo msiniingize kwenye zamu." Wengi wao watakuelewa haraka kuliko unavyodhani, maana hata miongoni mwao wapo wasiokunywa na wapo wanaokuja na gari.

Ipo na njia nyengine ambayo watu hawaistukii. Bili ikija, mtu husema tuigawe sawasawa kwa idadi ya vichwa. Hapo umelipia pombe bila ya kuigusa. Lipia chakula chako mwenyewe kaunta, mapema.

Tuje kwa samaki, na Mpemba kutengana na samaki ni mtihani. Samaki asili yake ni halali na wala hachinjwi. Lakini huko Uingereza rojo la unga wanalomchovyea mara nyingi hukorogwa kwa bia, ili ukoko wake uwe mwepesi na utoe mlio. Katika madhehebu yetu ya Shafi pombe ni najisi, na moto hauitwaharishi najisi, hata kama kilevi chenyewe kimeruka chote na mvuke. Rojo lile haliliwi. Pili ni mafuta: je, yamekaangiwa soseji za nguruwe? Uliza jikoni, usione tabu. Na wala usitegemee ile orodha ya vitu vinavyowadhuru baadhi ya watu (mzio) ambavyo sheria inawalazimisha kuvitaja. Ina vitu 14, kama karanga, maziwa na ngano, lakini nguruwe na pombe hawamo ndani yake. Ama nyama na kuku wa baa, waache. Kuna mjadala mrefu juu ya chakula cha Ahlul Kitabu (Mayahudi na Wakristo), nawe huhitaji kuuingia katika mji uliojaa mabucha ya halali.

Sahani na glasi zao zikioshwa zimetwaharika. Abu Tha'laba al-Khushani (r.a.) aliuliza juu ya vyombo vya watu wanaopika nguruwe na kunywea pombe humo, akajibiwa kwamba akipata vyengine aviache hivyo, asipopata avioshe kwa maji kisha avitumie.

Siki ya kumwagia chipsi, ile ya rangi ya kahawia, chimbuko lake ni shayiri iliyochachushwa mpaka ikawa pombe kisha ikageuka siki. Mafakihi wetu wa Shafi wameshurutisha ijigeuze yenyewe bila ya kutiwa kitu, na wengine wamelegeza. Mimi naiona haina neno, maana Mtume (s.a.w.) ameisifu siki kwamba ni kitoweo kizuri, naye hakumtaka mtu aichunguze nasaba yake. Bia zinazoitwa zisizo na kilevi, nyengine zina 0.0 kweli na nyengine zina asilimia 0.5, na zilizoandikwa kuwa na kilevi kidogo hufika hata 1.2. Hizi za mwisho usizikaribie. Zile za kwanza, mwanangu, kunywa soda ya tangawizi. Kijana wa Kiislamu ameshika chupa ya bia mbele ya watu, nani atakwenda kusoma maandishi madogo?

Hukuniuliza kuhusu sala, nami sitaiacha. Mwezi wa Juni hapo Birmingham alasiri kwa hesabu yetu ya Shafi inaingia imeshapita saa kumi na moja na nusu, na jua linazama karibu saa tatu na nusu za usiku. Nyinyi mnatoka kazini saa kumi na moja, alasiri haijaingia, mnakwenda mezani, mazungumzo yanakolea, jua linakuhadaa kwamba bado ni mapema, ukistuka limeshapata manjano. Mtume (s.a.w.) amesema anayeiacha sala ya alasiri amali yake imeporomoka, ameipokea Bukhari. Ardhi imefanywa msikiti na twahara, basi majani ya kando ya mfereji yanatosha, penye utulivu na pasipo najisi.

Hapo mbwa wanaingia. Kwa Mashafi mbwa ni najisi nzito, lakini najisi haihami kutoka kikavu kwenda kikavu. Akikupitia mkavu na suruali yako kavu, huna cha kuosha. Tabu ni wale wanaojirusha mfereji wenyewe kisha wakaja kujipukusa miguuni mwa watu. Maji yale yakikurukia, au akikulamba, paoshe mara saba, moja kwa udongo. Fanya hivyo ukifika nyumbani, badilisha nguo usali. Usimpigie mbwa kelele wala mwenyewe, hawakukukusudia.

Mwaka uliopita ulikula samaki yule hujui bia ilimo. Hilo Allah hakuwajibishi, omba msamaha uendelee. Lakini zile raundi ulizotoa unajua, na toba yake ni kuacha, kujuta na kuazimia kutorudi.

Kwa mkubwa wako wa kazi, usiende kumpa hutuba. Mwambie unapenda kukaa na wenzako, na kwamba meza yenye pombe dini yako haikuruhusu, kisha mpe pendekezo mkononi. Birmingham, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2021, takriban watu 30 katika kila 100 ni Waislamu, na kule Sparkbrook na Ladypool Road zipo nyumba za balti, kile kitoweo kilichozaliwa mjini humo humo, na nyingi haziuzi pombe kabisa. Waalike huko, hata kwa gharama yako mara ya kwanza. Na jioni ya mfereji ikifika, tembea nao njiani kando ya maji mpaka mlangoni, waage kwa uso mkunjufu, uende zako ukaiwahi alasiri. Mkubwa wako akikubana kwamba lazima ukae, sheria ya nchi ile ya mwaka 2010 ya usawa inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa dini yake. Lakini hiyo iweke akiba, usianze nayo.

Wallahu aalam.