Buti la shafti likichanika: maswali yenu, majibu yetu

Nimeona grisi nyeusi imerukia upande wa ndani wa rimu ya mbele kushoto. Gari ni Toyota IST, halilii wala halitetemeki. Naweza kuvuta mpaka mwisho wa mwezi? (Msomaji, Sahare)

Usivute. Grisi hiyo imetoka kwenye buti la CV jointi, kiungo cha shafti kinachozungusha tairi hata likiwa limekatwa kona. Buti ni ile raba yenye mikunjo iliyo nyuma ya tairi. Kazi yake ni kuishika grisi ndani na kuzuia mchanga na maji visiingie. Ndani ya jointi ya nje, ile ya upande wa tairi, mna gololi sita zinazotembea kwenye mifereji laini ya chuma, na mchanga wa pwani ukichanganyika na grisi unakuwa msasa. Kimya ulicho nacho sasa ndiyo bahati yako, kwa sababu bado unanunua raba tu, si jointi nzima.

Kata usukani mpaka mwisho, chungulia nyuma ya tairi, kisha panua mikunjo kwa vidole. Ufa huanzia chini kwenye bonde la mkunjo, pale usipopaona kirahisi. Chota grisi kidogo uisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikiteleza, umewahi. Ikikwaruza kama wali wenye mchanga, jointi imeshaanza kuliwa. Halafu nenda uwanja wa wazi, kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole huku ukikanyaga mafuta, kwanza kushoto kisha kulia. Usiposikia ta-ta-ta, badilisha buti wiki hii hii, na mpaka hapo usipite kwenye madimbwi.

Mafundi shikamooni. Nimewekewa buti jipya lakini nikikata kona bado inalia ta-ta-ta. Buti ni feki? (Msomaji, Muheza)

Marahaba. Buti halina mlio. Kinacholia ni gololi zinazogonga kwenye mashimo zilizojichimbia, na raba mpya hairudishi chuma kilicholiwa. Hapo dawa ni jointi au shafti nzima.

Ila sikiliza vizuri. Kama gari linatikisika unapokanyaga mafuta kupanda mlima, mfano Mombo kwenda Soni, na linatulia ukiachia, angalia jointi ya ndani, ile ya upande wa giaboksi. Mvumo unaopanda na mwendo hata barabara ikiwa imenyooka, mara nyingi ni beringi ya habu, yaani kitovu ambacho tairi hufungwa.

Nataka kubadilisha mwenyewe nyumbani. Nina jeki na spana, ua wangu ni mchanga mtupu. Nianzie wapi? (Msomaji, Raskazone)

Anza na huo mchanga. Chini ya jeki weka ubao mgumu, sentimita 30 kwa 30 au zaidi, unene wa sentimita 4. Gari likishainuka, likalie stendi za chuma, nazo ziwe juu ya ubao. Matofali hayafai kabisa: tofali hupasuka bila kutoa onyo. Weka vizuizi kwenye matairi ya nyuma na vuta breki ya mkono.

Nunua seti ya buti la gari lako hasa (buti, klipu mbili na pakiti ya grisi), nati mpya ya habu na sili ya shafti kwenye giaboksi. Nati legeza kabla ya kuinua gari, mtu akikanyaga breki. Kwenye Toyota nyingi ndogo ni soketi namba 30. Kama ukingo wa nati umebonyezwa ndani ya mfereji wa shafti, uinue kwanza kwa tindo nyembamba, la sivyo utaharibu nyuzi.

Mwaga oili ya giaboksi kwenye chombo safi na pima imetoka kiasi gani. Toa tairi, fungua waya wa sensa ya ABS ulipobanwa, kisha achanisha boljointi (kiungo cha duara chini ya habu) na loaamu (mkono wa chini unaoishikilia). Sasa habu inaweza kuvutwa pembeni na shafti ichomoke. Usiiache habu ining'inie kwenye mpira wa breki. Upande wa giaboksi, chomeka mtaimbo mdogo kati ya giaboksi na kikombe cha jointi, ukwanyue kidogo kidogo. Usivute kwa kushika shafti, kwani jointi ya ndani itaachana humo humo ndani ya buti.

Hapa ndipo wengi hukwama: wanaipiga nyundo jointi ya nje itoke, haitoki. Kwenye Toyota nyingi jointi ya nje haikukusudiwa kuvuliwa kwenye shafti. Buti la nje hupitia upande wa ndani. Kata klipu za buti la ndani, weka alama ya rangi kwenye kikombe, kwenye shafti na kwenye ule utatu wenye roli tatu, toa sekilipu (pete ya chuma inayouzuia utatu usitoke) kwa plaizi yake, kisha gonga utatu utoke kwa kipande cha shaba. Alama ni ya rangi, si ya tindo. Kwa kuwa buti la ndani nalo linatoka, badilisha yote mawili. Kazi ni ile ile.

Osha jointi kwa mafuta ya taa, ikunje huku na huku mpaka kila gololi ioneshe uso wake, kisha ikauke kabisa. Mafuta ya taa yakibaki yatalainisha grisi mpya na kuiyeyusha. Ukiona kishimo unachoweza kukishika kwa ukucha, usifunge. Nunua jointi.

Zungushia tepu kwenye meno ya shafti kabla ya kuvisha buti, maana yanaikata raba kama wembe. Sindilia grisi ndani ya jointi mpaka itokee upande wa pili, iliyobaki iweke ndani ya buti. Tumia pakiti yote. Mdomo mdogo wa buti ukae kwenye mfereji wake, na kabla ya kubana klipu ya mwisho penyeza bisibisi butu ili hewa itoke. Buti lililonyonywa au kuvimba hujisugua lenyewe mpaka linatoboka. Utatu ukirudi, upande wake uliochongwa mshazari uelekee jointi ya nje.

Unaporudisha shafti kwenye giaboksi, paka sili oili, uwazi wa sekilipu ndogo ya mwishoni utazame chini, sukuma mpaka usikie "tk". Vuta kikombe taratibu. Kikikataa kutoka, kimekaa.

Nati ya habu kwenye Vitz, IST na Corolla nyingi za umri huo hukazwa Nm 216 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Huna spana ya kupimia? Hiyo ni sawa na kusukuma kwa uzito wa kilo 22 ukishika bomba umbali wa mita moja kutoka kwenye nati. Ikaze tairi likiwa chini, kisha bonyeza ukingo wake kwenye mfereji. Gari lisisogezwe nati ikiwa imelegea. Beringi ya habu itaharibika.

Shafti imegandia kwenye habu, nimepiga nyundo mpaka ncha imepanuka. (Msomaji, Pangani)

Hewa ya chumvi hiyo. Nati ilitakiwa ibaki mpaka ilingane na ncha ya shafti, ili ilinde nyuzi. Pulizia dawa ya kutu, uache usiku kucha, halafu tumia pula yenye skrubu, kifaa cha kusukuma shafti itoke bila kugonga. Ncha yenyewe isafishe kwa faili. Nati isipoingia kwa mkono, shafti hiyo imekufa. Wakati wa kurudisha, pitisha brashi ya waya kwenye meno ya habu na paka grisi nyembamba.

Nifunge buti kwa kamba za plastiki? Na grisi ya beringi inafaa? (Msomaji, Makorora)

Kamba za plastiki hulegea jointi ikipata moto, na grisi inatoka tena. Klipu ya chuma, basi. Mabuti ya kugundisha yenye mshono nayo ni ya kukufikisha nyumbani tu, maana gundi haishiki penye chembe ya grisi. Kuhusu grisi, jointi ya nje inataka ile nyeusi yenye molibdenamu. Ya ndani huweza kuwa ya aina nyingine, kwa hiyo kila pakiti iende kwenye buti lake. Ukimaliza, rudisha oili ya giaboksi ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari au kwenye dipstiki, kwa kiasi ulichopima. Baada ya kilomita 100 hivi chungulia tena klipu zote na chini ya sili.