Maswali ya Wasomaji: Uzamivu wa Elimu kwa Data ya Kufuatilia Kaya

SWALI: Naanza shahada ya uzamivu ya elimu. Nataka kujua kama kufutwa kwa ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne Tanzania kuliwawezesha watoto wengi zaidi kumaliza sekondari. Msimamizi wangu anashauri niunganishe awamu zote tano za Utafiti wa Kufuatilia Kaya (National Panel Survey), unaorudi kuhoji kaya zilezile baada ya miaka michache, tangu 2008, nipate mfululizo mrefu. Inawezekana?
*Msomaji, Dodoma*

JIBU: Mfululizo mmoja wa awamu tano haupo, na ni vizuri umeuliza kabla ya kutetea andiko lako. Awamu za 2008/09, 2010/11 na 2012/13 zilifuata kaya zilezile. Zilianza 3,265, zikawa 3,924, kisha zikapita 5,000, kwa kuwa kijana aliyeoa, kuolewa au kuhama alifuatwa alikokwenda na nyumba yake mpya ikahesabiwa kaya. Mwaka 2014/15 sampuli ilifanywa upya: sehemu kubwa ya kaya zikawa mpya, zikabaki chache tu za zamani. Hizo mpya ndizo zilizorudiwa 2020/21, na zile chache za zamani zikahojiwa tena 2019/20. Kwa hiyo una minyororo miwili, na mtoto wa 2008 huwezi kumpata katika faili la 2020/21.

Kwa swali lako, fanya kazi na 2014/15 na 2020/21. Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, uliofuta ada hiyo, ulianza kutumika Januari 2016, hivyo awamu moja iko kabla na nyingine iko baada. Ukikuta katika faili la 2020/21 kaya ambazo hazikuhojiwa 2014/15, ziweke kando. Soma pia tarehe ya mahojiano ya kila kaya, usitegemee jina la awamu, kwa sababu mahojiano ya awamu moja huchukua mwaka mzima au zaidi.

Kazi ngumu iko kwenye ulinganisho. Ada ilifutwa Tanzania Bara nzima kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna mkoa wa Bara ambao haukuguswa ukautumia kama kipimo. Wanafunzi wengi huanza kwa kulinganisha ndugu: kaka aliyepita umri wa sekondari kabla ya 2016 na mdogo wake aliyeingia baadaye. Wazo zuri, ila peke yake halitoshi. Shule za sekondari za kata zilikuwa zikiongezeka tangu miaka ya 2000, na huenda yule mdogo angesoma zaidi hata waraka usingetoka. Unahitaji tofauti ya pili, yaani nani alikuwa akibanwa zaidi na gharama kabla ya 2016. Ada yenyewe katika shule za serikali ilikuwa Sh 20,000 kwa mwaka kwa kutwa na Sh 70,000 kwa bweni, lakini mzazi alibeba pia sare, vitabu, nauli na michango. Sehemu C ya dodoso huuliza gharama hizi moja moja kwa kila mwanafunzi. Kokotoa, kwa kaya za 2014/15 zilizokuwa na mwanafunzi wa sekondari, ada ilichukua sehemu gani ya gharama yote ya elimu katika kila mkoa, kisha uone kama pengo kati ya wakubwa na wadogo liliongezeka zaidi pale ada ilipokuwa mzigo mkubwa.

Kabla ya kuandika sura hata moja, hesabu ni vijana wangapi wenye umri unaohusika unaowapata katika awamu zote mbili, jinsia kwa jinsia, mjini na vijijini. Ukiona makundi mengine yamebaki na watu kumi na kitu, punguza swali sasa. Mwaka wa tatu utakuwa umechelewa.

SWALI: Nimeunganisha awamu za 2008/09 na 2010/11 za utafiti huo katika Stata, programu ya takwimu. Idadi ya watu imeongezeka kupita kiasi, na wastani wa miaka ya masomo kwa watu wazima unazidi 16. Tatizo ni nini?
*Msomaji, Kigoma*

JIBU: Yako mawili. La kwanza, umeunganisha kwa namba ya kaya. Kaya moja ya 2008 inaweza kuwa imezaa kaya tatu kufikia 2010, na kila mtu wa mwanzo anajirudia katika zote tatu. Kama ulitumia amri ya `merge m:m`, ifute na usiirudie kamwe, kwani huoanisha mistari kwa mpangilio wake tu bila kutoa onyo. Unganisha mtu kwa mtu. Data ya 2012/13 huja na faili la ufunguo lenye `indidy1`, `indidy2` na `indidy3`, yaani namba ya mtu ndani ya kaya katika kila awamu, na kazi yake ni hiyo. Ukimaliza, kagua: jinsia ibaki ileile, na umri uwe umepanda kwa mwaka mmoja hadi mitatu. Wasiolingana waorodheshe uwatazame mmoja mmoja, kwa sababu wengine ni makosa ya umri tu, na wengine kweli ni watu wawili tofauti waliopewa namba moja.

La pili, umehesabu msimbo wa darasa kama miaka. Darasa la kwanza ni 11 na la saba ni 17. Kidato cha kwanza ni 21, cha nne ni 24, cha tano ni 31. Mtu aliyemaliza la saba umempa miaka 17! Tengeneza kigezo kipya: 11 hadi 17 ziwe 1 hadi 7, 21 hadi 24 ziwe 8 hadi 11, 31 na 32 ziwe 12 na 13. Kozi zilizofuata darasa la saba au kidato cha nne ziamulie mapema na uandike uamuzi wako.

Tena, asiyewahi kwenda shule hakuulizwa darasa alilofikia, hivyo nafasi yake iko wazi. Mpe sifuri. Ukimwacha, Stata itamtupa nje kimyakimya, na utakuwa umewaondoa wale wale unaodai kuwatafiti.

SWALI: Wakaguzi wa andiko langu wanataka nieleze watoto waliopotea kati ya awamu, yaani waliohojiwa mwanzo wasipatikane baadaye. Nilidhani upotevu wa tafiti hizi ni mdogo.
*Msomaji, Mwanza*

JIBU: Kwa kaya ni mdogo. Kwa watoto, soma kanuni ya ufuatiliaji: aliyehama peke yake alifuatwa kama ana miaka 15 au zaidi, na si mtumishi wa ndani. Mtoto wa miaka 11 aliyepelekwa kwa shangazi mjini ili asome hakufuatwa. Binti wa miaka 13 aliyekwenda kufanya kazi za ndani naye hakufuatwa. Hawa wawili waliondoka kwa sababu zinazopishana kabisa kuhusu shule, na ukiwaita wote "waliopotea" matokeo yako yanaweza kuvutwa upande wowote.

Orodha ya wanakaya ya awamu inayofuata hueleza aliyeondoka aliondoka kwa nini. Anza hapo. Kisha linganisha waliopatikana na wasiopatikana kwa sifa za awamu ya kwanza: umri, jinsia, elimu ya mama, kama mzazi yuko hai, matumizi ya kaya. Kadiria uwezekano wa kila mtoto kupatikana, na uwape uzito mkubwa zaidi waliopatikana wanaofanana na waliopotea. Mwisho fanya hesabu mara mbili, ukichukulia kwanza kwamba waliopotea wote wako shuleni, kisha kwamba wote wameacha. Jibu lako likigeuka kutoka ongezeko kuwa upungufu, au kinyume chake, kati ya hesabu hizo mbili, liseme hivyo katika tasnifu.

SWALI: Je, data hizi zinapima uwezo wa kusoma na kuhesabu?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Hapana. Zinauliza tu kama mtu anajua kusoma na kuandika, na kwa lugha gani. Utafiti mwingine, uitwao Uwezo, umewahi kupima watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda kwa majaribio, lakini kila duru ilikuwa na watoto wengine. Ukitaka mtoto yuleyule apimwe mara kwa mara, tazama utafiti wa Young Lives, ulioanza 2002 na watoto wapatao 12,000 wa Ethiopia, India, Peru na Vietnam.