Maswali ya Wasomaji: Oili Ipi kwa Dizeli ya 4x4?

SWALI: Mafundi, salamu. Nina 4x4 ya zamani, dizeli yenye turbo, haina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Kitabu cha gari kinataka 15W-40 ya daraja la CF-4 la API (taasisi ya petroli ya Marekani) au zaidi. CF-4 siioni tena madukani. Naona CI-4 na CK-4, na muuzaji ananisukumia 5W-30 kwa kuwa eti ndiyo ya kisasa. Nichukue ipi?

JIBU: Ndugu msomaji, chukua CI-4 ya 15W-40 na 5W-30 umwachie muuzaji wako.

Watu wengi husoma namba kubwa zilizo mbele ya dumu wakaishia hapo. Namba hizo, kama 15W-40, zinaeleza mnato tu, yaani oili ni nzito au nyepesi kiasi gani. Ubora wa oili kwa injini ya dizeli umeandikwa nyuma ya dumu, kwa herufi ndogo, na huko ndiko pa kuanzia. Katika mfumo wa API, herufi C ni ya dizeli na S ni ya petroli. Herufi inayofuata C hupanda kadiri daraja linavyokuwa jipya, na 4 ina maana ya injini ya mipigo minne. CI-4 ilitoka mwaka 2002 kwa ajili ya injini zinazorudisha sehemu ya moshi kwenye silinda, kwa hiyo imetengenezwa ibebe masizi mengi bila kuganda. Inaruhusiwa kuchukua nafasi ya CF-4, CG-4 na CH-4. Dumu lililoandikwa SN peke yake, bila C yoyote, ni la petroli.

CK-4, iliyoanza mwishoni mwa 2016, nayo haina kosa ndani ya injini ya zamani. Kinachoamua ni dizeli unayojaza. Salfa iliyomo kwenye dizeli ikiungua hutengeneza asidi, na oili huizima asidi hiyo kwa akiba yake ya kemikali za besi, inayopimwa kwa kipimo cha TBN. Kwa kawaida CI-4 ina akiba kubwa zaidi, mara nyingi 10 au zaidi, na imekusudiwa kuhimili dizeli yenye salfa hadi asilimia 0.5. CK-4 imekusudiwa dizeli safi zaidi, isiyozidi asilimia 0.05. Ukiitumia pale penye dizeli chafu, fupisha muda wa kumwaga oili.

Sasa tuje kwenye mnato. Namba iliyo kabla ya W inahusu baridi: 15W hupimwa kama injini itazungushika kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, 5W kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri. Kama asubuhi za kwenu hazikaribii barafu, 5W haikuongezei kitu cha maana. Namba ya pili ndiyo ya kuangalia, maana ni unene wa oili ikiwa na joto la nyuzi 100. Injini yako imepewa nafasi za beringi zinazotarajia 40. Ukivuta trela mlimani au kukanyaga mchanga kwa gia ya chini, oili hupita nyuzi 120, na utando wa 30 huwa mwembamba kuliko beringi za krenki zinavyotaka. 5W-40 ya daraja linalofaa ingekubalika, ila utalipia ubaridi usiokuwepo.

Onyo moja kabla hatujaendelea: ukikuta FA-4 kwenye rafu, usidhani ni mpya zaidi kwa hiyo ni bora. Ni oili nyepesi ya baadhi ya injini mpya za malori, na haifai kwenye injini za zamani.

SWALI: Gari langu la dizeli ni jipya kidogo, lina kichujio cha masizi. Fundi anasema oili yoyote ya dizeli inatosha mradi ni 5W-30. Ni kweli?

JIBU: Si kweli, na kosa hili ni la gharama kwa sababu halionekani mapema.

Kichujio kinanasa masizi, kisha gari linayachoma kwa joto la takriban nyuzi 600 yakatoka kama gesi. Kisichochomeka ni majivu, na mengi ya majivu hayo hutoka kwenye oili yenyewe: kalisi, magnesi na zinki zilizowekwa kusafisha injini na kuzuia kusagika. Kila tone linalopita kwenye ringi za pistoni huacha majivu yake ndani ya kichujio. Gari litaanza kuchoma masizi mara kwa mara, litakunywa zaidi, litakosa nguvu, na hatimaye kichujio kitahitaji kufunguliwa na kusafishwa kwa mashine au kubadilishwa.

Kwa hiyo tafuta oili yenye majivu machache. Kwenye mfumo wa Ulaya, ACEA C3 haizidi asilimia 0.8 ya majivu ya salfeti. Kwenye API, CJ-4 na CK-4 haziruhusiwi kuvuka asilimia 1.0. CI-4 kwa kawaida huvuka. Magari mengi ya Kijapani huandikiwa DL-1 ya JASO, mfumo wa Japani, ambayo ni ya dizeli ndogo zenye kichujio, na kali zaidi kwa majivu. Usiichanganye na DH-1, ya injini zisizo na kichujio. Kitabu kikitaja namba ya kibali cha mtengenezaji wa gari, namba hiyo iwepo dumuni, herufi kwa herufi. Maneno “inafaa kwa dizeli zote” si kibali cha mtu yeyote.

SWALI: Nimebadilisha oili juzi, tayari ni nyeusi tii. Nimeuziwa feki?

JIBU: Kwa weusi huo pekee, hapana. Dizeli hutoa masizi, na kuna oili ya zamani inayobaki kwenye njia na kwenye kipoza oili hata ukimwaga vizuri. Oili inayoyashika masizi yasitue kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, inafanya kazi yake. Tia shaka ikiwa nzito kama uji, ikinuka dizeli, au ikigeuka rangi ya maziwa.

SWALI: Kijiti cha kupimia kinaonyesha oili inaongezeka. Nilijaza hadi alama ya juu, sasa imepita. Nishukuru?

JIBU: Usishukuru. Kuna kitu kinaingia, na ni dizeli au maji ya radieta.

Pima kwanza sawasawa: gari kwenye usawa, injini imezimwa dakika 5 hadi 10, futa kijiti, chomeka, soma. Kama ni rangi ya maziwa na maji ya radieta yanapungua, usiwashe tena. Kama ni nyepesi na inanuka dizeli, na gari lina kichujio cha masizi, mara nyingi sababu ni safari fupi fupi. Ili kichujio kipate moto, nozeli nyingi hupuliza dizeli ya ziada pistoni ikiwa tayari inashuka. Sehemu yake huteremka ukutani mwa silinda hadi kwenye sampu, na dizeli haivukizi humo kirahisi kama petroli. Ukizima gari katikati ya uchomaji kila siku, sampu inajaa. Oili iliyokonda hivyo hula beringi za turbo kwanza. Ikipanda mno, injini inaweza kuivuta kupitia bomba la kupumulia, linalotoa mvuke wa ndani ya injini, na kuanza kukimbia yenyewe hata ukizima swichi.

Mwaga, badilisha na filta, kisha mara moja kwa wiki lipe gari nusu saa ya barabara kuu. Ikiendelea kupanda, nozeli zipimwe.

SWALI: Injini inakula oili. Nihamie 20W-50?

JIBU: Tazama moshi kwanza. Wa bluu wakati wa kuwasha tu huelekeza kwenye sili za valvu, na wa bluu ukikanyaga mzigo huelekeza kwenye ringi. Oili ikitiririka ndani ya bomba la turbo, angalia sili za turbo na bomba la kupumulia lililoziba, ingawa utando mwembamba humo ni kawaida. 20W-50 itaficha dalili, na asubuhi itachelewa kuifikia turbo. Itumie tu ikiwa jedwali la kitabu linairuhusu kwa joto la kwenu.

SWALI: Kila nikibadilisha filta, panavuja. Nakosea wapi?

JIBU: Hakikisha gasketi ya filta ya zamani haikubaki imegandia kwenye kikalio, kwani gasketi mbili zitavuja tu. Paka mpya oili safi, funga kwa mkono mpaka iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko bila spana. Weka wosha mpya kwenye bolti ya sampu. Jaza pungufu kidogo ya kiasi cha kitabu, acha injini iungurume dakika moja, zima, subiri, pima, ndipo umalizie hadi kati ya alama mbili.