Mnasihi asiwe ndiye mwenye fimbo

Mleta mada, umesema mpwa wako wa kidato cha pili amegoma kwenda shule baada ya kuchapwa kwa kusinzia darasani, ukauliza kwa nini serikali isiajiri mwanasaikolojia kila shule. Naunga mkono. Ila nimeshika unasihi, yaani kazi ya kuwasikiliza na kuwashauri wanafunzi, miaka kadhaa kwenye sekondari ya kata huku Kanda ya Ziwa, nikifundisha na Bailojia, na nakwambia mtaalamu huyo akiletwa kesho atakwama palepale tulipokwama sisi.

Waraka wa elimu wa mwaka 2002 ulishataka shule ziwe na unasihi. Lakini kwenye ratiba ya vipindi unasihi haupo. Tangu elimu bila malipo ianze 2016 madarasa yamefurika (na ni jambo jema, watoto wako shuleni), kwa hiyo mnasihi ni mwalimu yuleyule mwenye vipindi lukuki, anamsikiliza mtoto saa ya chai ndani ya stoo ya maabara huku wenzake wakiingia kuchukua chaki.

Kubwa zaidi, shule nyingi zinampa mtu mmoja nidhamu na unasihi. Kanuni zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, kuchapa viboko visivyozidi 4. Sasa aliyekuchapa asubuhi kwa kuchelewa, mchana utamwambia baba wa kambo alikufungia nje? Nilipomwomba mkuu anitoe kwenye nidhamu, wanafunzi walianza kuja wenyewe. Hakuna anayekuja kusema ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Kichwa kinauma, moyo unaenda mbio, usingizi hauji. Ukitulia ndipo unasikia mengine: mama amelazwa, mahari imeshapokelewa, hajala tangu jana.

Halafu kuna hili la wasichana kuanguka na kupiga kelele mitihani ya taifa ikikaribia. Wazazi wanaita mchungaji au mganga, uwanja unajaa, na watazamaji wakiongezeka wanaoanguka nao wanaongezeka. Huku kwetu si jambo geni. Mwaka 1962, kwenye shule ya bweni ya wasichana Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi 95 kati ya 159 walishikwa na kicheko na kilio wasichoweza kukizuia, hadi shule ikafungwa. Yalipotufika sisi, kwanza tuliwapeleka kituo cha afya, maana kifafa na malaria navyo huangusha watu. Kisha kila mmoja akakaa pembeni na rafiki yake, wengine wakarudi darasani, na mchungaji akaombea ofisini, si uwanjani. Ukimfukuza umewapoteza wazazi. Tulipozungumza na wasichana wenyewe baadaye, shida ikaonekana ni kambi ya kujisomea: kulala saa sita usiku, kuamka saa kumi, na matusi kwa aliyefeli majaribio. Kulegeza kambi ndiko kulikosaidia.

Na siri. Ukisimulia habari za mtoto kwenye ofisi ya walimu, kesho darasa zima linajua, na hata uwe na shahada ya saikolojia hawaji tena.

Waajiriwe, hata mmoja kwa kata aanze kuzunguka. Lakini kutenganisha nidhamu na unasihi, kutoa chumba chenye mlango na kumpunguzia mnasihi vipindi, mkuu wa shule anaweza wiki hii. Pesa iende kwenye nauli ya rufaa, yaani ya kumfikisha mtoto hospitali yenye mtaalamu, kwa sababu wataalamu wa akili wako mbali na vijiji, na mzazi asiye na nauli anaishia kwa mganga.

Kuhusu mpwa wako, usimburute. Mpeleke hospitali ijulikane kwa nini anasinzia. Upungufu wa damu tu unatosha kumlaza mtoto darasani. Kisha nenda kwa mkuu wa shule, omba apokewe na mwalimu mwingine, siyo aliyemchapa. Wasipokusikiliza, muone afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, au piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ni bure. Akitamka neno lolote la kutaka kufa, usingoje miadi ya mtu, hospitali siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake.