Mikwaruzo ya Santuri Si Bluzi

Swali: Ninaishi Memphis, Tennessee, na ninaandaa kwa gharama zangu albamu yangu ya kwanza ya bluzi ya mashambani, nyimbo kumi za gitaa kavu na sauti. Nilirekodi gitaa kwanza kwa kufuata metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo sawasawa, kisha nikaimba juu yake. Kazi ni safi lakini imepoa. Fundi mmoja wa mtandaoni ameahidi kuitia "sauti ya Delta", yaani ya bluzi ya kale ya Mississippi, wakati wa kuimasta (kuinyoosha sauti kwa mara ya mwisho kabla ya kuitoa), pamoja na mikwaruzo ya santuri. Je, itasaidia?

Jibu: Haitasaidia, ndugu yangu, na swali hili limenifikia mara nyingi kiasi kwamba nimeacha kulijibu kwa upole. Mikwaruzo unayoisikia katika rekodi za wanabluzi wa kale wa Delta, akina Charley Patton na Son House, haikuwa sehemu ya muziki wao. Kampuni ya Paramount, iliyowarekodi wote wawili huko Grafton, Wisconsin, mwaka 1930, ilichapa santuri zake kwa shelaki (malighafi ya santuri za enzi hizo) hafifu, yenye kelele hata ikiwa mpya, na baadhi ya santuri hizo zimebaki nakala chache mno, zilizochezwa kwa sindano za chuma hadi mifereji yake ikalika. Mafundi wa leo hukesha wakiiondoa kelele hiyo, nawe unataka kulipa ili utiliwe.

Fundi wa wakati ule alitafuta sauti safi kadiri mitambo yake ilivyoruhusu. Robert Johnson, mwanabluzi mwingine wa Delta, alirekodi nyimbo 29 kwa siku tano tu, tatu katika hoteli ya Gunter mjini San Antonio mnamo Novemba 1936 na mbili mjini Dallas mnamo Juni 1937, akipiga na kuimba kwa wakati mmoja, sauti ikichongwa papo hapo kwenye sahani, bila nafasi ya kukata kipande na kubandika kingine. Uhai unaoutafuta unatoka hapo: kidole gumba kinachoshika besi hupumua pamoja na koo, mstari wa kuimba ukirefuka gitaa husubiri, na mapigo huongezeka au kupungua pasipo msikilizaji kuona kasoro. Mwanabluzi John Lee Hooker aliutumia uhuru huo kiasi kwamba wapigaji waliomsindikiza walipata taabu kumfuata. Wewe ulipolifunga gitaa kwenye metronomu na kuimba baadaye, ulijigawa ukawa watu wawili wasioonana, na hakuna kumasta kunakoweza kuwapatanisha.

Rekodi upya, ukiwa umeketi kwenye kiti kisicholia. Maikrofoni moja nzuri, umbali wa sentimita 60 hivi na usawa wa kifua, inatosha. Sauti ya kuimba ikilizidi gitaa, shusha maikrofoni kidogo. Ukitaka mbili, tumia zile zinazosikia mbele na nyuma na kuwa viziwi ubavuni, kisha ubavu wa ile ya kuimbia uelekeze kwenye gitaa, na wa ile ya gitaa kinywani. Rekodi kwa biti 24, vilele vya sauti viishie karibu na desibeli -10, na kila wimbo uupige mara tatu au nne mfululizo kabla ya kuchagua mmoja mzima.

Hao wauzaji wa "sauti ya Delta" wananikera kwa jambo jingine pia. Huchukua kazi ya mtu bila kuuliza ilirekodiwa katika chumba gani, huikandamiza hadi mnong'ono na mkwaju wa kidole vikalingana, kisha huiita kumasta, ilhali Spotify, kwa mpangilio wake wa kawaida, huishusha tena kazi yoyote inayozidi LUFS -14 hivi (kipimo cha ukubwa wa sauti), na kinachobaki ni ubapa tu. Wapo pia wanaofuta faili za awali, mteja asiweze kurudi nyuma. Kabla hujamlipa huyo wako, muulize ni lini mara ya mwisho alimrudishia mteja faili zake na kumwambia akarekodi tena.